Mgao wa umeme ndani ya ndege na funzo lake kwa wauza samaki wa Ujiji

NDEGE aina ya Q400 inapoinama kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kigoma, abiria aliyeketi dirishani huliona Ziwa Tanganyika limetanda chini yake, mitumbwi ikirudi mwaloni baada ya usiku wa kuvua dagaa, na mapaa ya Ujiji yakichungulia katikati ya miembe na michikichi.

Huko chini, mfanyabiashara aliyenunua migebuka alfajiri ana mashaka yake. Umeme umekatika asubuhi. Amewasha jenereta ya dukani, ikanguruma vizuri, lakini alipowasha friza zote kwa pamoja na pampu ya maji, ikazima. Ameiwasha tena, imezima tena. Samaki wale wamenunuliwa kwa fedha za mkopo wa kikundi na kila saa inayopita bei yao inashuka. Ikifika jioni, migebuka waliokuwa wauzwe wabichi mjini watalazimika kupakwa chumvi au kubanikwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Wenye hali kama hiyo huamua haraka kwamba dawa ni kununua jenereta kubwa zaidi. Huenda ikawa hivyo. Lakini kabla hajatoa fedha mfukoni, ni vyema mfanyabiashara huyo akajua kwamba ndege iliyopita juu ya paa lake nayo inaishi na umeme wenye kikomo. Imejaa vitu vinavyougombea, na haiwezi kusimama njiani kumsubiri fundi. Inavuka salama kwa sababu suala la nani apewe umeme na nani azimwe lilikwisha kuamuliwa kabla haijaruka.

Kituo cha umeme kinachoruka

Umeme wa ndege huzalishwa na injini zile zile zinazoisukuma. Kila injini hufungwa jenereta moja au zaidi, na ndege nyingi za abiria zina injini nyingine ndogo mkiani ambayo haisukumi ndege bali huzungusha jenereta, hasa ndege ikiwa imeegeshwa. Wakati huo pia ndege inaweza kuchomekwa waya wa umeme wa uwanjani. Nyuma ya vyote hivyo kuna betri.

Ndege nyingi za jeti hutumia umeme wa volti 115 unaobadilika mara 400 kwa sekunde, wakati umeme wa majumbani hapa nchini ni wa volti 230 unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Sababu ni uzito. Kadiri umeme unavyobadilika kwa kasi, ndivyo mota na transfoma zinavyoweza kutengenezwa ndogo na nyepesi, na katika biashara ya anga kila kilo inayobebwa ni mafuta yanayochomwa. Vifaa kama kompyuta na redio hupewa umeme wa volti 28 wa mkondo mmoja, unaofanana na ule wa betri ya gari.

Ndege za zamani hazikuhitaji umeme mwingi sana. Hewa ya moto iliyobanwa ndani ya injini ilichotwa ikatumika kuwapa abiria hewa ya kupumua na kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Boeing 787, maarufu kama Dreamliner, ilibadili utaratibu huo. Air Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina hiyo Julai 2018. Katika ndege hiyo hewa ya abiria inabanwa na mota za umeme, mabawa yanapashwa joto kwa umeme, breki zinakazwa kwa umeme na hata injini zenyewe zinawashwa kwa umeme.

Kwa ajili hiyo Dreamliner imefungwa jenereta nne za kVA 250 kila moja kwenye injini zake mbili, na nyingine mbili za kVA 225 kwenye injini ndogo ya mkiani. Jumla ni kVA 1,450. Kipimo hicho cha kVA ndicho kinachoandikwa ubavuni mwa jenereta za madukani. Mwenye jenereta ya kVA 2.5 pale Ujiji angehitaji jenereta 580 kama yake ili kufikia umeme wa ndege hiyo moja.

Hata hivyo, wingi huo hauondoi ulazima wa kugawana. Wahandisi huorodhesha kila kifaa kinachokula umeme, kiasi kinachokula, na wakati kinapokula: wakati wa kuwasha injini, kupaa, kusafiri angani na kutua. Kisha hujumlisha kwa kila hatua na kulinganisha na kilichopo. Mchumi angeiita kazi hiyo bajeti. Upande mmoja kuna mapato, upande wa pili matumizi, na hakuna benki ya kukopa ukiwa mita 10,000 juu ya ardhi.

Jiko huzimwa kwanza

Umeme ukishazalishwa hupelekwa kwenye njia kuu chache, na kila njia ina wateja wake. Kwa lugha rahisi, wateja hao wako katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wale wasioweza kukosa umeme hata kidogo: vioo vya kumwonyesha rubani mwendo, kimo na mwelekeo, redio ya kuongea na mnara, na kompyuta zinazosaidia kuongoza ndege. Kundi la pili ni la vifaa vinavyohitajika katika safari ya kawaida ila ndege inaweza kuendelea bila baadhi yake, kama pampu za akiba na sehemu ya taa. Kundi la tatu ni la starehe na huduma: oveni na majiko ya kuchemshia chai, televisheni za vitini na soketi za kuchajia simu.

Jenereta moja ikifa, kompyuta ya ndege haimwiti mtu kushauriana. Inazima majiko na televisheni mara moja, kisha inaunganisha njia iliyobaki bila chanzo na jenereta iliyo hai. Ndege kama Boeing 777, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995 na ambayo Kenya Airways iliwahi kuitumia kwa miaka kadhaa, ilifungwa mtambo maalumu kwa kazi hiyo ya kuzima na kurudisha vifaa kwa zamu. Abiria anaweza kukosa chai akaambiwa kuna tatizo dogo jikoni, asijue kwamba chai yake imetolewa sadaka ili redio na vioo vya rubani visitetereke.

Kipimo kinachotumika hapo kinahitaji kuangaliwa kwa makini. Oveni ya ndege si kifaa cha bei ndogo, na shirika linaloshindwa kulisha abiria linapoteza sifa. Lakini chakula kinaweza kusubiri nusu saa bila mtu kuumia, na kioo cha kimo hakiwezi kusubiri hata dakika moja. Kwa hiyo wahandisi hawakuuliza tu kitu gani ni cha thamani. Waliuliza kila kitu kinaweza kukaa muda gani bila umeme kabla ya hasara kuanza. Swali hilo ndilo muuza samaki anapaswa kulibeba kwenda nalo dukani.

Vyanzo viwili havikutani

Abiria aliyewahi kupanda ndege ya jeti huenda aliona, muda mfupi baada ya injini kuwashwa, taa zikipepesa mara moja na feni zikanyamaza kidogo kabla ya kurudi. Hiyo si dalili ya ubovu. Ni wakati ambapo ndege inaachia umeme wa injini ndogo au wa uwanjani na kushika ule wa injini kubwa. (Taa kupunguzwa wakati wa kupaa na kutua usiku ni jambo jingine. Hufanyika ili macho ya abiria yazoee giza endapo italazimu kutoka kwa haraka, wala halihusiani na kubana umeme.)

Kupepesa huko kunatokana na kanuni inayofuatwa katika ndege nyingi: vyanzo viwili visivyolingana mapigo haviruhusiwi kulisha njia moja kwa wakati mmoja. Kimoja hufunguliwa kwanza, ndipo kingine kifungwe. Swichi zenyewe zimetengenezwa kwa namna ambayo haziwezi kufunga pande zote mbili hata mtu akikosea.

Katika miji yetu kanuni hii huvunjwa mara kwa mara. Mtu huchukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja akachomeka kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima ikawaka. Asichokijua ni kwamba umeme wake unaweza kutoka nje kupitia mita, ukapanda kwenye transfoma ya mtaa na kumkuta fundi wa TANESCO aliyeshika waya akiamini kwamba umezimwa. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, jenereta inaweza kuungua pale pale. Dawa ni swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi wengi huiita chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni. Swichi hiyo hufanya kazi ile ile ya swichi za ndege: ukiwa upande wa jenereta, huwezi kuwa upande wa gridi.

Rubani aliyewahi kuwasha jenereta

Januari 15, 2009 ndege ya Airbus A320 ya shirika la US Airways ilipaa kutoka New York, ikakutana na kundi la mabata bukini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliitua juu ya maji ya mto Hudson na watu wote 155 waliokuwamo wakaokoka.

Jambo moja aliloshukuriwa nalo na wachunguzi halikuwa la usukani. Muda mfupi baada ya injini kupoteza nguvu, aliwasha injini ndogo ya mkiani, kabla orodha ya maelekezo ya dharura haijamfikisha kwenye hatua hiyo. Ndege ile huongozwa kwa kompyuta, na kompyuta hizo zinakula umeme. Kwa kuwahi kuwasha jenereta ya tatu, rubani alihakikisha kompyuta zinaendelea kumsaidia hadi ndege ilipogusa maji.

Kama hata injini ndogo ingegoma, bado kulikuwa na ngazi nyingine. Ndege nyingi kubwa zina feni ndogo inayofichwa tumboni au chini ya bawa. Ikidondoshwa nje, upepo huizungusha ikatoa nguvu kidogo, inayotosha kundi la kwanza peke yake. Mwezi Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, na kifaa cha aina hiyo ndicho kilichompa rubani nguvu ya kuiongoza hadi ilipotua katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, nchini Kanada. Baada ya feni hiyo zipo betri, ambazo kwa kawaida hubeba vifaa vya lazima kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo.

Kila ngazi inayoshuka ina umeme mdogo kuliko iliyotangulia, na kila ngazi ina orodha fupi zaidi ya wateja. Umeme ukipungua, madai nayo yanapunguzwa.

Betri na jenereta navyo vina masharti

Wenye kupenda vifaa vipya wana la kujifunza kwa Dreamliner. Januari 2013 betri za lithiamu za ndege mbili za Japani ziliharibika kwa joto kali, moja ikishika moto ndege ikiwa imeegeshwa Boston, Marekani, na nyingine ikimlazimisha rubani kutua kwa dharura huko Takamatsu. Ndege zote 50 za aina hiyo zilizokuwa kazini duniani zilizuiwa kuruka. Suluhisho lilikuwa kutenganisha vizuri zaidi vyumba vya betri, kurekebisha chaja yake na kuifungia betri ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Safari ya kwanza ya abiria baada ya marekebisho hayo ilifanyika katika ukanda wetu: Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, Aprili 27, 2013.

Mwaka 2015 likaonekana jingine. Mamlaka ya anga ya Marekani ilionya kwamba kompyuta zinazosimamia jenereta za Dreamliner, zikiachwa na umeme mfululizo kwa siku 248 bila kuzimwa, zingeweza kukatisha umeme wa jenereta zote kwa pamoja. Saa ya ndani ya programu ilikuwa inajaa. Tiba ya kwanza iliyoagizwa ilikuwa rahisi: kuizima ndege na kuiwasha upya kwa ratiba, kabla siku hizo hazijafika.

Mafunzo hayo yanafika hadi kwenye mwalo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku, hasa siku za giza la mwezi, kwa kuwavuta dagaa kwa mwanga. Kwa miaka mingi walitumia karabai za mafuta ya taa, na sasa wengi wametumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Betri iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake, au inayonyonywa hadi tone la mwisho kila usiku, hufa mapema na kula faida yote ya kuacha mafuta ya taa. Nayo jenereta ya dukani isiyowashwa tangu masika yaliyopita si akiba. Inayowashwa kila wiki kwa robo saa, ikiwa imebebeshwa kazi, ndiyo inayoweza kuhesabiwa.

TANESCO haikati friza, inakata mtaa

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukitegemea jenereta za dizeli za TANESCO ambazo mafuta yake yalisafirishwa kutoka mbali. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani humo, alizindua umeme wa gridi. Tangu hapo taifa limeongeza uwezo, hasa baada ya mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 kukamilika mwaka 2025. Nao mradi wa megawati 49.5 wa mto Malagarasi umelenga kuupa mkoa chanzo kilicho karibu.

Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini umeme unaosafiri mbali unapita juu ya misitu, mabonde na vilima, na haukosi adui: radi, upepo na miti inayoanguka. Aidha, Watanzania hawajasahau mgao wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011, wakati ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa.

Tofauti kubwa kati ya gridi na ndege iko hapa. Umeme wa gridi ukipungua, mgao hufanyika kwa njia za umeme, yaani mtaa kwa mtaa. Mashine ya kukamua mawese, redio ya kinyozi na friza ya samaki huzimwa kwa mkono mmoja, kwa kuwa vyote viko kwenye njia moja. Shirika halina namna ya kujua ndani ya duka kuna nini kinachoweza kusubiri na nini hakiwezi. Ndege hugawa umeme kifaa kwa kifaa. Mgao wa aina hiyo, katika mji kama Ujiji, unaweza kufanywa na mtu mmoja tu: mwenye duka.

Hesabu ya jenereta ndogo

Tuchukue mfano wa duka la samaki lenye friza nne za wati 200 kila moja, pampu ya maji ya wati 370, jokofu la soda la wati 300, taa za wati 50 na feni ya wati 60. Jumla ni wati 1,580. Jenereta ni ya kVA 2.5, ambayo kwa mizigo ya mota ni salama kuihesabu kuwa na wati 2,000 hivi. Kwa hesabu hiyo kila kitu kinatosha na umeme unabaki.

Mbona basi inazima? Kwa sababu mota inapoanza kuzunguka hudai umeme mwingi zaidi ya ule inaoutumia ikishashika mwendo, mara nyingi kati ya mara tatu na sita. Tuchukue mara tano. Friza nne, pampu na jokofu la soda vikiwashwa kwa pamoja vitadai wati 7,350 kwa sekunde chache za mwanzo, na ukiongeza taa na feni vinafika wati 7,460. Hakuna jenereta ya wati 2,000 inayoweza kubeba hilo.

Sasa vipangwe kama ndege inavyopanga. Taa na feni kwanza: wati 110. Pampu inafuata, ikidai wati 1,850 za kuanzia. Jumla ni wati 1,960, inapita. Tangi likijaa, pampu inazimwa. Kisha friza moja moja, kila moja ikisubiri mwenzake ashike mwendo. Ya nne inapowashwa, mzigo wa sekunde zile ni wati 1,710, halafu unashuka hadi wati 910. Jokofu la soda likiongezwa hapo litafikisha wati 2,410 wakati wa kuanza, na jenereta itazima. Basi soda zinywewe za uvuguvugu. Jokofu hilo ndilo jiko la ndege.

Jenereta ni ile ile na mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni zamu. Ni vizuri pia friza iliyozimika isubiri dakika tano kabla ya kuwashwa tena, ili mota yake isilazimike kuanza ikiwa imebanwa. Nayo jenereta ikae nje, mbali na dirisha, kwani moshi wake unaua bila harufu ya kumwonya mtu.

Barafu nayo ni betri

Bado kuna swali la wahandisi: nani anaweza kusubiri? Hapa wauza samaki wengi hushangaa. Friza iliyojaa samaki waliokwisha kuganda, ikifungwa vizuri na isifunguliwe, inaweza kuhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu saa 24. Kwa joto la kando ya ziwa, na kwa friza yenye mpira uliochakaa, muda huo hupungua, lakini bado ni saa nyingi. Friza ya namna hiyo si ya kwanza kupewa umeme. Inaweza kupisha.

Asiyeweza kusubiri ni samaki mbichi aliyetoka mwaloni asubuhi hiyo, ambaye bado ana joto la ziwa. Huyo anahitaji kupozwa mara moja, na kinachompoza haraka kuliko friza ni barafu iliyomzunguka pande zote. Barafu iliyotengenezwa jana usiku, umeme wa gridi ukiwapo, ni umeme uliowekwa akiba. Haihitaji chaja, haishiki moto, na chombo chake ni sanduku lenye kuta nene na mfuniko unaobana.

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, hesabu inaweza kuegemea hapo. Kabla ya kukopa fedha za jenereta ya pili, alinganishe bei yake, mafuta na matengenezo, na gharama ya sanduku moja zuri la kuhifadhia barafu na desturi ya kugandisha maji kila usiku. Jenereta hula mafuta kila inaponguruma. Sanduku likishanunuliwa halidai chochote.

Wakamuaji wa mawese nao wana orodha yao. Mota ya kukamulia ndiyo nzito kuliko zote, iwashwe peke yake na kwanza, taa za uani na vinginevyo vifuate. Matunda ya michikichi yaliyokwisha kuchemshwa yasiachwe yapoe yakisubiri umeme, kwani hukamulika vibaya. Yaliyo bado kwenye mikungu yanaweza kungoja kidogo, ingawa si kwa siku nyingi, maana mafuta yake huzidi uchachu.

Orodha ukutani

Rubani hakai na siri hizi kichwani. Ziko kwenye karatasi na kwenye vioo vyake, na kila anayekaa kwenye kiti kile amezifanyia mazoezi. Katika maduka yetu mara nyingi mwenye kujua utaratibu ni mmoja, na siku umeme unapokatika yeye yuko Mwanga akidai deni au ameenda Kasulu msibani. Kijana aliyeachwa dukani huwasha kila anachokiona.

Karatasi moja iliyobandikwa karibu na swichi inatosha kuondoa balaa hilo. Iandikwe vifaa vyote na wati zake, ambazo huonekana kwenye kibandiko nyuma ya kila kifaa. Iandikwe kipi kinawashwa kwanza, kipi cha pili na kipi hakiguswi hadi gridi irudi. Iandikwe pia saa umeme ulipokatika, ili friza iliyojaa ijulikane imekaa muda gani. Kisha ifanyiwe majaribio siku ambayo umeme upo na hakuna samaki wa kuharibika.

Kazi hiyo inachukua mchana mmoja na gharama yake ni kalamu na gundi. Migebuka wa kapu moja waliookolewa wanailipa mara nyingi. Mkopo wa kikundi unarejeshwa kwa wakati, na kesho yake alfajiri mwenye duka anarudi mwaloni akiwa na fedha mkononi, si na maelezo.